Asante ya Mawe

"Baiskeli zote zikipitia nyuma huko, nani atakunywa uji yangu? Wewe?"

"Mimi nasema watu wanakufa kwa barabara, Mbula. Kiilu alikufa hapa hapa na—"

"Sikuulizi Kiilu. Kiilu alikuwa mtu wetu, namjua kuliko wewe. Nakuuliza nani atasimama hapa—"

"—lori ya makonge, kiatu huku, kofia huku, mimi ndio nilimwokota. Sasa serikali inaleta njia ya baiskeli peke yake na wewe unalia juu ya—"

"—kama wote wanapitia nyuma ya choo ya Omar. Na usiniletee serikali. Serikali imefungia bwana yangu kwa stoo tangu Jumamosi, analala na makoleo, na wewe hapo unajua kitu na umefunga mdomo kama—"

"Mbula. Kuna mtu."

Mbula akageuka, mwiko mkononi. Kweli kulikuwa na mtu. Alikuwa amesimama karibu na sufuria ya uji, koti ya kaki, kofia imeshushwa mpaka kwa nyusi, anaangalia mawingu kama mtu ambaye hajasikia kitu. Mbula alimwangalia kofia, akamwangalia koti, akafika kwa viatu. Viatu vilikuwa vyeusi, vikubwa, vimepigwa rangi mpaka vinaonyesha mawingu.

"Karibu, askari kanzu," akasema.

Koplo Jared Ogwel aliangalia viatu vyake, akashusha pumzi. Thika waliomba mpelelezi kutoka Ruiru kwa sababu moja tu: askari kanzu wa Thika wanajulikana na kila mtu, hata mbuzi wanawapisha. Walitaka sura ngeni. Sura ngeni alikuwa nayo. Viatu alisahau kubadilisha.

"Nani amesema mimi askari?"

"Viatu yako."

"Basi viatu zinaomba uji."

Mbula akamchotea kikombe cha bati. Yule mwanaume aliyekuwa akigombana naye, mwembamba, mikono myeusi na grisi, alikuwa ameshasogea pembeni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda cha mabati hatua kumi kutoka hapo, akijifanya anatafuta tundu kwa mpira wa baiskeli. Mpira ulikuwa haujatolewa hata kwa gurudumu.

"Yule ni nani?"

"Yahya. Fundi wa baiskeli."

"Na anajua kitu gani?"

Mbula alikoroga uji. Alikoroga sana. "Muulize yeye," akasema. "Mimi niliapa."

Jared akatoa kijitabu. Akaandika: *Ameapa.* Mwaka huo wa hamsini na saba, neno kama hilo halikuwa la mchezo. Watu walikuwa wamefungwa miaka kwa neno hilo moja, kiapo cha wapiganaji wa msituni. Aliliangalia, halafu akachora alama ya kuuliza kando yake. Akalipa uji, akaenda ofisi ya mji.

*

Karani wa upimaji aliitwa Bedan. Alikuwa na penseli masikio yote mawili.

"Kaa, Koplo. Nitakuambia yote, lakini nitaanza mwanzo."

Mwanzo ulikuwa hivi. Bwana Injinia alichoka kuona watu wa kiwandani wakigongwa na lori. Akachora njia ndogo ya baiskeli kutoka lokesheni, zile nyumba za wafanyakazi, ipite mtaa wa Majengo, ikatokee karibu na kiwanda. Jumamosi asubuhi Bedan na vibarua wakaweka bikoni kumi na moja, alama za njia. Bikoni zenyewe ni mawe ya mto, makubwa kama kichwa cha ng'ombe, kila moja na namba nyekundu, ya saba mbele ya nyumba moja ya Majengo. Saa saba Bedan akaenda kula. Akamwacha Musau, mlinzi, bwana wa Mbula, aangalie. Saa nane akarudi.

"Hapana bikoni," akasema Bedan. "Hata moja. Musau amesimama pale anaangalia kama mtu ameamka sasa hivi."

"Na alama zilipokuwa?"

"Jana imenyesha siku yote. Matope tu. Na karatasi ya vipimo iko Nairobi inapigwa chapa, kupima tena ni wiki mbili. Bwana Injinia anakuja leo saa kumi na Landrova. Akikuta hivi, Musau anaenda Nairobi. Chini ya sheria ya Emajensi, hii ya hali ya hatari, Koplo. Kuharibu alama ya serikali. Kazi imeisha, kipande, ile kitambulisho yake, imeharibika, na nyumba ya lokesheni bibi yake na watoto wanatoka kesho asubuhi, kuna mtu anangojea hiyo chumba."

"Kwa nini Emajensi? Labda ni mwizi wa kawaida."

Bedan akaangalia mlango. Akavuta kiti.

"Nikirudi kutoka kula, nimepita kwa bomba ya maji. Wanawake wawili wa Majengo wanachota. Mmoja anasema, 'Kobe yuko nyuma ya mabati.' Mwingine anacheka, anasema, 'Na Musau anamlindia.'"

"Kobe ni nani?"

"Hapo sasa. Nimeuliza ofisi yote. Kwa kipande hakuna Kobe. Kwa kodi hakuna Kobe. Hiyo ni jina ya msituni, Koplo."

Jared aliandika *Kobe* akapiga mstari mara mbili.

"Na kuna hii," Bedan akasema. Akatoa karatasi kwa faili, ameshika kwa ncha ya vidole. "Imewekwa chini ya mlango leo alfajiri."

Jared akasoma. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa na fimbo.

*Kwa Mabwana wa Baraza. Mawe tumepata. Tunashukuru sana, hatukutegemea. Mungu awazidishie na nyinyi. Ni sisi wenyewe.*

"Unaona?" Bedan akafuta vidole kwa suruali. "Mtu anakuibia mawe, halafu anakuandikia asante. Hiyo si matusi?"

"Ni heshima ya ajabu."

"Ni shukrani ya punda, Koplo. Teke linakuja."

Jared akakunja ile barua akaitia kwa kijitabu. Akaomba kuonyeshwa mfungwa.

*

Stoo ya mji ilikuwa nyuma, imejaa mapipa ya lami. Musau alikuwa amekaa juu ya pipa, mtu mzima, mabega mapana, uso umetulia kama mtu anayengojea gari moshi.

"Jumamosi, saa saba mpaka saa nane," Jared akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Muda wote?"

Musau akafikiri. "Niliondoka kidogo. Muda wa kunywa kikombe cha uji."

"Ulikunywa uji?"

"Mimi sikunywa."

"Nani alikunywa?"

Musau akageuza uso akaangalia makoleo.

"Kobe ni nani?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Musau ulitikisika. Jared aliona vizuri, na baadaye aliapa kwamba kitu alichoona si woga. Ilikuwa kama mtu anazuia kikohozi kanisani.

"Simjui," Musau akasema.

"Musau, sikiliza. Saa kumi unapandishwa lori. Watoto wako ni wangapi?"

"Watatu."

"Watalala wapi kesho?"

Musau aliangalia mikono yake. "Afande, mwaka jana usiku wa kafyu bibi yangu alishikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya. Kuna mtu alimfunga kwa baiskeli yake na leso mbili, akasukuma mpaka hospitali. Askari walimsimamisha mara mbili na bunduki. Angeweza kulala kwake. Sasa mtu huyo ameniomba kitu kidogo tu, nikasema ndiyo. Wewe ungemuuza?"

Jared hakuandika. Alifunga kijitabu.

"Baiskeli," akasema. "Asante, Musau. Umenisaidia."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo. Umesema vizuri."

*

Ilikuwa saa saba Jared alipofika kibandani kwa Yahya. Hakusalimia. Alizunguka kibanda, akahesabu hatua, akaangalia nyuma ya mabati. Nyuma kulikuwa na nafasi ndogo ya kutosha mtu mmoja kuchuchumaa, imezibwa na mafremu ya baiskeli zilizooza. Chini ya fremu moja, kikombe cha bati. Akakishika. Ndani, uji umekauka kidogo pembeni. Kikombe kilikuwa ndugu ya kile alichonywea asubuhi, hata doa la kutu lilikuwa mahali pamoja.

Kutoka pale nyuma, hata ukisimama, Majengo yote ungeona isipokuwa sehemu moja: ile iliyokuwa na mawe. Mtu akisimama mlangoni kulinda aliye nyuma, anaipa mgongo kabisa.

Hapo wanawake wawili wakapita na ndoo za chokaa. Mmoja, kijana, leso ya manjano, aliona kikombe mkononi mwa Jared. Akamgusa mwenzake.

"Haya, kobe ameshikwa."

Wakacheka mpaka chokaa ikamwagika.

Jared akaingia ndani ya kibanda kama mtu anayeingia baharini. Akamshika Yahya bega.

"Wewe ndio Kobe."

Yahya aligeuka rangi ya majivu. "Afande, tafadhali. Taratibu."

"Wewe ndio Kobe au sio?"

"Ndiyo. Lakini usiseme kwa sauti. Idd ni keshokutwa."

"Musau alikuwa anakulindia?"

"Ndiyo."

"Mko wangapi?"

Yahya alionekana kuchanganyikiwa. "Makobe? Majengo yote? Mimi sijui, afande, kila mtu na siri yake. Omar simwamini sana."

Jared alijaribu kukumbuka kama alikuwa na pingu. Zilikuwa Ruiru. "Kiapo mlikula wapi?"

"Kiapo?" Yahya sasa aliogopa kweli. "Hapana, hapana, afande. Mimi nilikula uji tu."

Wakaangaliana. Inzi akapita katikati.

"Nani mkubwa hapa Majengo?" Jared akauliza.

"Bi Saida. Lakini usinipeleke kwake, afande. Nipeleke jela."

*

Bi Saida alikaa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mbele yake kulikuwa na baraza, yaani lile benchi refu la udongo na mawe mbele ya nyumba, na baraza hilo lilikuwa limejengwa upya. Lilikuwa linang'aa. Kwa kweli Majengo yote ilikuwa inang'aa. Kila ukuta, kila jiwe, kila shina la mti mpaka magotini, limepakwa chokaa kwa ajili ya Idd. Yule dada wa leso ya manjano alikuwa anamalizia kona. Alikuwa mjukuu wa Bi Saida, jina lake Amida.

Bi Saida mwenyewe alikuwa mama mfupi, mweusi, meno machache na sauti nyingi.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Maji sikupi kwa sababu ya mfungo, lakini wewe nadhani si wetu, Amida atakuletea."

"Asante mama, nasimama. Nimeleta mtu. Huyu ni Kobe."

Bi Saida alimwangalia Yahya. Yahya aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Nani amekufundisha hilo neno, mwanangu?"

"Ni jina lake la msituni."

Kitu kilianza tumboni mwa Bi Saida kikapanda taratibu mpaka mabega yakaanza kutikisika. Amida aliweka ndoo chini akajifunika uso na leso.

"Msituni," Bi Saida akasema alipopata pumzi. "Mwanangu, wewe mtu wa wapi?"

"Kisumu. Nakaa Ruiru."

"Basi si makosa yako. Kobe ni mnyama gani?"

"Ni ile ya gamba. Ikitaka kula inatoa kichwa kidogo, ikisikia mtu inarudisha ndani."

"Haya. Mwezi huu sisi tumefunga. Mtu akila mchana, akijificha, anatoa kichwa anameza tonge, anarudisha, tunamwita nani?"

Jared alitoa kijitabu, akafungua pale alipopiga mstari mara mbili, akakifunga tena. Akamwachia Yahya bega.

"Na Musau?"

"Alisimama mlangoni mtu asinione," Yahya akasema. "Mbula aliniuzia uji. Nilimwapisha asiseme. Mama, nina vidonda vya tumbo. Daktari wa hospitali amesema nikikaa na njaa nitatapika damu. Nilitapika kweli, wiki ya kwanza. Niliona aibu. Fundi mzima, nakaa karibu na msikiti."

Bi Saida hakucheka tena. "Mgonjwa ana ruhusa, Yahya. Si mimi nimesema, imeandikwa. Ungekuja hapa, uji ningekupikia mimi mwenyewe, na maziwa. Miaka thelathini nazalisha wanawake wa mji huu, nani hajanionyesha aibu yake? Wewe tumbo tu." Akamgeukia Jared. "Na Musau yuko jela kwa sababu ya uji?"

"Kwa sababu ya bikoni, mama."

"Hizo bikoni. Jana askari walikuja kuuliza kwa kila mlango, 'Umeona bikoni?' Mimi nikasema hapana, na nikafunga kuku ndani. Ni mnyama gani?"

Jared alichoka. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Bila kufikiri, akakaa kwa baraza.

"Usikae," Amida akasema, lakini tayari.

Jared akasimama. Nyuma ya suruali yake ya kaki kulikuwa na miduara miwili ya chokaa, safi kabisa. Amida akageukia ukuta. Yahya, pamoja na shida zake zote, akakohoa.

Lakini Jared hakuwa anaangalia suruali. Alikuwa anaangalia mahali alipokaa. Uzito wake ulikuwa umebandua chokaa mbichi, na chini yake jiwe lilikuwa laini, la mviringo. Jiwe la mto. Majengo haina mto. Mawe mengine yote ya Majengo ni yale ya kuchimbwa, yenye makali. Akapiga magoti. Akahesabu mawe ya mviringo kwa lile baraza, kutoka mlangoni mpaka kona. Akahesabu tena kutoka kona mpaka mlangoni.

"Mama, hii mawe kumi na moja umetoa wapi?"

Uso wa Bi Saida ukafunguka.

"Kumbe wewe ni mtu wa baraza. Ungesema. Asanteni sana. Asanteni tena sana. Mlipata barua yetu? Aliandika Amida, lakini maneno yangu."

Jared alitia mkono mfukoni akagusa ile karatasi. "Tulipata."

"Mimi nilikwenda pale ofisini mwezi uliopita, nikalia. Nikawaambia, mnataka kuleta njia, sawa, watu wanagongwa, mimi nimeosha maiti ya wawili. Lakini baraza langu linaanguka na nyinyi mnataka kupita juu yake. Hapa ndipo wajawazito wanangojea. Hapa ndipo tunakaa matanga. Nikawaambia, badala ya kulivunja, nisaidieni kulijenga. Wakanifukuza. Nikarudi nimevunjika moyo. Mara Jumamosi, mawe."

"Nani alisema ni yako?"

Amida akajibu. "Yule karani wa penseli mbili. Alikuwa anaondoka kwenda kula. Nikamuuliza, 'Haya mawe ni ya nini?' Akasema, 'Ni ya baraza.' Tukabeba, wanawake sita, mara mbili."

Jared alifunga macho. Kwa Bedan, baraza ni mabwana wa mji, meza na kofia, ile halmashauri. Kwa Amida, baraza ni hapa, chini ya makalio. Neno moja lilikuwa limebeba mawe kumi na moja kutoka barabarani, na wanawake sita wakaliamini, kila mmoja na jiwe lake kichwani. Na mlinzi wa mawe akiwa amewapa mgongo, analinda kobe.

"Mama," akasema polepole. "Hii mawe ndio bikoni."

Alimweleza. Hakumficha kitu, wala lori ya saa kumi, wala chumba cha lokesheni, wala kwamba mawe yale yalikuwa yanaonyesha mahali njia itapita. Jiwe la saba, alisema, kwa maneno ya karani lilikuwa mbele ya nyumba moja ya Majengo, katikati ya baraza.

Bi Saida alisikiliza yote. Akapangusa chokaa iliyomwagika kwa leso yake. Amida akamshika mkono.

"Kwa hiyo hawakunisikia," akasema.

"Hapana, mama."

"Na mimi nimewaombea dua kila sala tangu Jumamosi." Akatikisa kichwa. "Dua hairudishwi. Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu."

"Unajua kila jiwe lilikuwa wapi?"

"Zaidi ya hilo la saba, hakuna anayejua. Mvua imefuta."

"Mimi najua. Niliwasimamia wakibeba." Akasimama, akajifunga leso kiunoni. "Amida, lete jembe. Yahya, wewe una nguvu, umekula. Bomoa."

"Bibi, baraza lako."

"Nimesema bomoa. Musau ana watoto watatu, wawili nimewashika mimi kabla ya mama yao."

*

Wakabomoa. Habari ilipita haraka kuliko moto, na Mbula akaja mbio, mwiko bado mkononi, akaambiwa aweke mwiko abebe jiwe. Jared akakwangua chokaa kwa kisu kwa kila jiwe mpaka namba nyekundu ikatokea. Bi Saida alitangulia.

"La kwanza hapa, kwa mwembe wa Omar. Sogeza. Sogeza tena. Hapo. La pili hapa, nilikanyaga kinyesi cha mbuzi wakiliokota, kinyesi kile pale." Jared alipima kwa kamba kutoka jiwe moja mpaka lingine. Mara tatu akaona kipimo kinalingana sawasawa. Mara ya nne akaacha kupima.

La saba Bi Saida alilibeba mwenyewe. Akaliweka katikati ya udongo uliobaki wa baraza lake, akaligeuza namba iangalie barabara.

Landrova ilifika saa kumi kasoro dakika chache. Bwana Injinia alishuka, Mzungu mrefu, magoti mekundu. Bedan nyuma yake na penseli zake. Musau katikati ya askari wawili. Wakasimama. Mawe kumi na moja, moja kwa moja, meupe kidogo, mekundu kidogo.

"Nani narudisha hii?" Bwana Injinia akauliza.

Jared alieleza kwa Kiingereza, kifupi. Alieleza baraza mara mbili. Alipofika kwa kobe, Bedan akajificha nyuma ya faili. Bwana Injinia aliomba ile barua ya asante, akasoma, midomo ikisogea, akasoma tena. Alipomaliza aliikunja, akaiweka mfuko wa shati, si kwa faili.

"Fungua huyu mtu," akasema. "Rudi kazi. Kesho."

Mbula hakupiga kelele. Alimshika bwana yake shati kifuani, akashikilia hivyo hivyo. Yahya akainama akaanza kumpangusa Musau matope ya viatu na mkono wake wa grisi. Musau akamvuta juu.

"Wacha, bwana. Unazidi kunichafua."

Halafu king'ora cha kiwanda kikalia, na watu wa kazi wakaanza kutoka. Baiskeli moja, mbili, kumi. Wa kwanza aliona mstari wa mawe ambayo asubuhi hayakuwepo, akasimama kwa njia panda, akafikiri, akaacha barabara kubwa na malori yake akaingia. Wengine wakafuata. Walipita mmoja nyuma ya mwingine juu ya matope, kengele zinalia, wengine wanacheka, wanapita karibu na jiwe la saba, karibu na mlango wa Bi Saida.

Bwana Injinia alivua kofia. Aliangalia baraza lililobomolewa, akamwangalia mwenye baraza.

"Mama," akasema. "Wewe nasaidia sana. Mimi nasema asante. Wewe nataka nini?"

Kila mtu alijua atasema nini. Amida alishashika mkono wa bibi yake amtie nguvu. Jared alishapima kwa macho: futi nne tu kushoto, njia ingepinda, baraza lingepona. Hata Bedan alitoa penseli moja akawa tayari kuandika.

Bi Saida hakuwa anawaangalia. Alikuwa anaangalia baiskeli. Akatoka akasimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha, na mtu mmoja mrefu wa kiwandani akashika breki nusura amwangukie.

"Shuka," Bi Saida akamwambia. Akakaza leso kiunoni. Akamgeukia Bwana Injinia.

"Nifundishe baiskeli. Nipandishe hii," akasema. "Na ushike nyuma. Usiniachie mpaka nikuambie."